Mshika Matumizi

Hesabu ya mafuta ya kupima haina utata. Anayenunua lita nzima analipa kidogo kwa kila kijiko kuliko anayepeleka kikombe kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, jioni na kusema, "Nipimie ya mia tano." Wachumi wamelieleza jambo hili miaka mingi: mwenye kidogo hutozwa zaidi. Ni kweli. Lakini nimeishi Dar es Salaam muda wa kutosha kujua kwamba wanawake wengi wanaonunua kwa kipimo wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mchumi, na jioni ikifika bado wanapeleka kikombe. Wana sababu zao.

Chupa ya lita ikikaa jikoni ina wenyewe wengi. Kijana akitoka shule atakaangia yai. Jirani atatuma mtoto, "Shikamoo, mama anasema umsaidie mafuta kidogo," na mtoto wa jirani harudishwi mikono mitupu. Mpishi mwenyewe, akiiona chupa imejaa, mkono unakuwa mwepesi. Lita iliyopangiwa siku kumi inaisha siku ya sita. Mafuta ya mia tano yanaingia yote kwenye sufuria na habari yake inaishia hapo: hayaombwi, hayamwagiki, hayashawishi mtu. Ile ziada anayomlipa Mangi ni gharama ya ghala na mlinzi. Duka ni stoo yake, na ufunguo anaushika mtu mwingine ili yeye mwenyewe asiweze kuufikia saa tano za usiku.

Mwanamke huyohuyo, mkaa ananunua gunia. Maharage ananunua debe, na mchele akiweza anachukua wa miezi mitatu. Hapo utaona kwamba hana imani ya kidogo kidogo wala imani ya jumla. Anachoangalia ni tabia ya kitu chenyewe. Hakuna mtoto anayetoka shule akachota maharage makavu na kuyatafuna. Mkaa hauna utamu. Niliwahi kumuuliza mama mmoja wa mtaani kwetu kwa nini basi asinunue na sukari kilo tano kwa mpigo, akanitazama kwa huruma. "Baba, sukari ina miguu." Vyenye miguu vikae dukani, visivyo na miguu vikae ndani. Sijasoma kitabu cha fedha kilichonieleza hivyo, na nimevisoma kadhaa.

Huu ni ufundi kama useremala ulivyo ufundi, nao una majira na vipimo vyake. Mavuno ya mpunga yakianza kushuka kutoka mikoani katikati ya mwaka, ndipo pa kwenda Tandale kununua nafaka; anayengoja hadi kabla ya mavuno mapya ananunua mchele uleule kwa bei ya mtu mwenye shida. Masika yakikolea, nyanya hupanda bei, na fundi hagombani nazo. Anaziacha sokoni, uchachu wa mchuzi anautafuta kwenye ukwaju au embe bichi. Akinunua kwa sado, ile ndoo ndogo iliyozaliwa kubeba rangi ikaishia kupima viazi na vitunguu, kwanza anaigeuza kutazama kitako, maana wako wauzaji wanaokibonyeza kiingie ndani. Akinunua fungu, anajua nyanya kubwa imewekwa juu kwa makusudi na anainua ile ya chini. Halafu anangoja nyongeza. Nyongeza haidaiwi, na ukiipokea kwa haraka umeharibu; unasimama tu, unauliza habari za watoto, mkono wa muuzaji unaongeza wenyewe.

Anayetaka kuuona ufundi huu kwa macho na akae jikoni nazi inapokunwa. Nazi moja, mbuzi, kifumbu, maji ya vuguvugu. Mkamuo wa kwanza hutoa tui zito, nalo huwekwa kando kwenye bakuli na kufunikwa. Machicha hutiwa maji tena, yakakamuliwa tena, na tui jepesi linalopatikana ndilo linaloingia kwanza sufuriani. Ndilo linalopika kisamvu, ndilo linalotokota na maharage mpaka chumvi na kitunguu vikubaliane. Tui zito huja mwisho kabisa, moto umepunguzwa, likikorogwa taratibu lisikatike. Asiyejua angedhani kilicho bora ndicho kitangulie. Mpishi wa pwani anajua kwamba kinachotangulia hupotelea motoni, na kinachokuja mwisho ndicho ulimi unachoondoka nacho. Nyumba inayotumia nazi moja kwa mpangilio huo inakula vizuri kuliko inayomimina nazi mbili kwa pupa. Machicha nayo hayajamaliza kazi. Kuku wanayasubiri uani.

Sasa mtazame mtu huyohuyo anavyoupika mshahara. Nyumba nyingi hula nyama siku pesa inapoingia, na siku hiyo nyama haikuhitajika. Baba ana furaha, watoto wanajua kuna pesa, hata dagaa wangeliwa kwa vicheko. Fundi anaiweka nyama mbali, tarehe 22 au 23, katika zile siku ambazo mjini huitwa tarehe mbaya, watoto wameanza kununa na baba ameanza kuuliza maswali yasiyo na maana kuhusu chumvi. Hapo harufu ya pilau inatoka. Kilo ni ileile, bei ni ileile, lakini imefanya kazi mara mbili: imewalisha watu na imeuvusha mwezi. Nikiambiwa nitaje jambo moja tu linalomtenga mshika matumizi hodari na bahili, nitataja hili. Bahili naye anabana, tena pengine anabana zaidi, ila hajui kitu kizuri kiwekwe lini, kwa hiyo hakiweki popote. Watu wa nyumba yake wanajua kila siku kwamba wanabanwa. Wa fundi hawajui, na wakikua watakuambia kwamba kwao hawakuwahi kukosa.

Kiporo kina heshima yake katika mpangilio huu. Wali wa jana na chai ya rangi ni kifungua kinywa ambacho watoto hukigombea, na ukoko hauna haja ya kusifiwa, una mashabiki wa kutosha. Umeme nao una mstari wake. Nyumba inayojua kwamba bei ya mtumiaji mdogo wa LUKU inaishia uniti 75 kwa mwezi, na kwamba juu ya hapo uniti ni ghali sana, haiwashi pasi kila asubuhi kwa shati moja. Inapiga pasi Jumapili, nguo za wiki nzima.

Nguo zina hadithi ndefu zaidi. Khanga hununuliwa doti, vipande viwili, na ikiwa mpya hutoka kwa shughuli na misiba tu. Ikichuja kidogo inakuwa ya kushindia nyumbani. Ikishalainika vizuri ndipo inafaa kuwa ubeleko, kwa kuwa mtoto hapendi kitambaa kinachokwaruza. Ikichakaa katikati hupasuliwa, zile kingo ambazo bado ni nzima zikaunganishwa kwa sindano, nayo ikapata miaka mingine kwenye godoro la watoto. Baadaye ni ya kufunika unga wa maandazi uumuke, kisha ya kuepulia sufuria, kisha ya kudekia. Nimemwona bibi akishika kipande cha mwisho kabisa cha khanga na kusimulia ilinunuliwa Idi gani.

Kwenye pesa zenyewe, kazi imekuwa ngumu kuliko zamani. Wazee walikuwa na kuta: ya kodi kwenye bahasha chini ya godoro, ya sokoni imefungwa kwenye ncha ya khanga, ya baadaye kwenye kibubu ambacho huwezi kukifungua bila kukivunja, na kukivunja kuna kelele. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuja Tanzania mwaka uliofuata, ilituondolea safari nyingi na wezi wengi. Iliondoa na kuta. Kodi, ada, nauli na bando vyote vinakaa mahali pamoja, nyuma ya namba ya siri moja, na usiku wa manane hakuna wa kukusikia ukivunja. Mafundi wa sasa wamejibu kwa mbinu zao. Yupo anayetenga laini mbili. Yupo anayetoa pesa ya wiki mara moja, siku moja, ili makato yasimle mara tatu. Yupo mwenye daftari la shule la kurasa 64 ambamo hata maji ya kunywa njiani yameandikwa, na kila Ijumaa usiku analisoma kimya kama mtu anayesoma barua ya mdai.

Wengi hawaviamini vibubu wala simu, wanaamini watu. Upatu umewaezekea nyumba watu wengi ambao benki haikuwajua, na VICOBA vimeusogeza mbele: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa, mkopo, na mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mbinu hiyo ina asili ya mbali, katika vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991. Imetua Uswahilini kana kwamba ilizaliwa hapa, pengine kwa sababu inajua ukweli ambao kila mshika matumizi anaujua: pesa iliyo mkononi mwako mwenyewe ndiyo iliyo hatarini zaidi. Anayekosa kikundi, siku ya shida ataishia kwenye ile mikopo ambayo mtaa umeipa jina la kausha damu, na jina hilo halihitaji maelezo.

Adui mkubwa wa bajeti ya nyumba hapa kwetu, hata hivyo, si mkopo wala bei ya sukari. Ni michango. Kadi inakuja na jina lako, singo au dabo, na kiwango kimeshapangwa na kamati ya harusi ambayo hukuichagua. Huwezi kukataa, maana na wewe una binti. Huwezi kutoa zote, maana Desemba kuna kadi nne. Hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi kuliko hata kwenye nazi. Ninamjua mmoja anayetenga fungu la michango tangu Januari, na fungu hilo likiisha hakopi. Anampigia mama wa bibi harusi simu yeye mwenyewe, mapema, kabla hajakumbushwa: "Dada, safari hii sina, lakini Ijumaa nakuja kumenya vitunguu na nalala hukohuko." Anakwenda, anamenya, analala. Sijasikia mtu akimsema.

Ubanaji una historia ambayo haifai kusifiwa bila kuangalia. Baada ya vita vya Kagera, mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ulikaa miaka. Watu walipanga foleni kwa sabuni na kipande cha kitambaa, wakafua kwa majani ya mpapai, wakala ugali wa unga wa njano ambao mjini waliubatiza Yanga, na mashabiki wa Simba nao wakaula. Mama zetu walifanya maajabu miaka ile, lakini maajabu hayo yasitumike kuhalalisha rafu tupu. Ufundi wa matumizi unahitaji kitu cha kutumia. Anayelipwa mshahara usiofika katikati ya mwezi hakosi nidhamu, anakosa mshahara, na kumpa semina ya bajeti ni kumtania.

Tena kuna uharibifu mwingine, wa ndani ya nyumba, ambao sifa kama hizi hupenda kuufunika. Mara nyingi kipande cha samaki kinachopungua ni cha mpishi. "Mimi nimeshashiba kwa kuonja," anasema, na sisi tunakubali haraka mno. Hesabu za daftari zinalingana kwa sababu mstari mmoja, wa yule anayeliandika, haumo. Viatu vyake, meno yake, nauli ya kwenda kumwona mama yake. Mwanamke mmoja ninayemheshimu katika kazi hii ameuandika mstari huo juu kabisa, kabla ya unga, na ameuita "fundi". Mwezi ukiwa mbaya anapunguza kila mstari kwa kiasi kilekile, na huo nao unapungua, ila haufutwi.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anayefundishwa. Binti anayeolewa ana kungwi, ana somo, ana kitchen party nzima ya wanawake wanaomweleza jinsi ya kushika nyumba. Kaka yake anahamia geto Sinza na godoro, spika na jiko la gesi la mtungi mdogo ambalo halijawashwa. Anakula chipsi mayai mpaka tarehe 15, kisha anaanza kutembelea ndugu saa za chakula. Kesho ndiye atakayeitwa kichwa cha nyumba, aache matumizi mezani asubuhi bila kujua yanatosha nini, na jioni aulize mbona mboga ni ileile. Likizo ijayo mpeni huyu kijana elfu kumi na kikapu, mtumeni soko la Ilala alete mboga ya watu sita kwa siku mbili, na msimwandikie orodha. Akirudi, msimcheke kwanza. Mwacheni aeleze alivyotumia, shilingi kwa shilingi, mbele ya mama yake.