Fedha Isiyoacha Weusi Kwenye Jino

Chai ya nyumbani Kiptere, kama kwingineko Kericho, huchemshwa na maziwa na kukolezwa sukari, hata ya mtoto. Bakteria wa mdomoni hula sukari hiyo na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Likishatoboka, dawa inayojulikana ni koleo, maana kuziba kunataka umeme, mashine ya kuchimba na mtaalamu wa meno. Ndiyo sababu kazi iliyofanywa Recife, Brazil, inatuhusu sana.

Watafiti wa huko walianzia kwenye dayamini floridi ya fedha, dawa ya kupaka ambayo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia kwenye orodha ya dawa muhimu. Inaua bakteria na kusimamisha uozo bila kuchimba. Lakini ioni za fedha zikigusa sehemu iliyooza huacha doa jeusi lisilotoka, na mzazi anayeona jino la mbele la bintiye limekuwa hivyo ana haki ya kukataa.

Wao wakaigeuza fedha kabla haijafika mdomoni. Waliyeyusha kitosani, inayotokana na maganda ya kamba wa baharini, wakatia nitrati ya fedha, kisha borohidridi ya sodiamu. Hapo ioni huwa chembe za madini zenye upana wa nanomita chache. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kitosani huzivika chembe hizo zisigandamane. Udogo wake ndio nguvu yake: kiasi kilekile cha fedha kinapata eneo kubwa zaidi la kugusana na bakteria. Mwishoni ikaongezwa floridi ya kuimarisha jino.

Jaribio lao la meno 130 ya utotoni lilichapishwa mwaka 2014. Baada ya siku 7, uozo ulikuwa umesimama katika asilimia 81 ya meno yaliyopakwa. Baada ya miezi 12, asilimia 66.7. Wengi husifu ile 81. Mimi naitazama zaidi 34.7, asilimia ya meno ambayo hayakupata dawa na bado uozo wake ulikuwa umesimama mwaka ulipokwisha. Faida halisi basi ni meno 32 hivi katika kila 100. Si haba hata kidogo, ila kushuka kutoka 81 kunaonyesha kwamba kupaka mara moja kwa mwaka hakutoshi.

Kuna jambo jingine linalogusa mashamba yetu. Polifenoli za majani ya chai nazo hugeuza nitrati ya fedha kuwa chembe za nano. Maabara nyingi zimefanya hivyo bila borohidridi, kemikali kali. Ugumu ni kwamba jani hubadilika kwa msimu, aina ya mche na umri wake, na chembe nazo hubadilika ukubwa, ilhali dawa lazima ifanane chupa kwa chupa. Kericho ina taasisi ya utafiti wa chai na wakemia wanaolijua jani hili. Kazi hiyo ingewafaa. Kwa sasa, magego ya utotoni yapakwe ile dayamini floridi inayoacha weusi, kwa kuwa doa la huko nyuma halionekani mtoto akicheka.