Ukili Mkononi mwa Baba

Mtoni kwa Azizi Ali, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, yupo fundi saa mzee mwenye kimeza cha kioo na mwavuli uliopauka. Nilimpelekea Seiko 5 ya marehemu baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kabla ya kuitazama saa aliupapasa mkanda. Ukamkatikia mkononi kama gome kavu.

Ulikuwa mkanda wa mpira, mtindo wa Tropic, uliovuma duniani miaka ya 1960 pamoja na saa za wapiga mbizi. Juu una vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Upande unaolala kwenye ngozi una nakshi kama ya kitu kilichosukwa. Nakshi hiyo ndiyo utoto wangu. Kila jioni baba aliivua saa atawadhe kwa ajili ya Magharibi, nami nilisubiri karibu na birika. Mkononi mwake ulibaki ukili, mstari kwa mstari, ukili ule ule wa mkeka aliokuwa akienda kuswalia. Nilikimbilia kuugusa kwa kidole kabla maji hayajaufuta. Kwa miaka mingi niliamini mkanda na mkeka vimesukwa na mtu mmoja.

Wapo wanaoudharau mkanda wa mpira au wa nailoni kwa kuwa si ngozi. Sisi wa pwani tusiseme hivyo. Jasho la Dar es Salaam huila ngozi polepole: kwanza inanuka, kisha uzi unaoza, na siku moja saa iko sakafuni. Mpira ulitaka maji safi na kivuli tu. Jua ndilo adui yake, na ndilo lililoumaliza wa baba.

Fundi alizichomoa pini, akakwangua chumvi ya miaka kwenye vitundu vya saa zinamoingia, akaijaribu springi ya kila pini kwa ukucha. Akapima nafasi ya mkanda: milimita 18, bila kubahatisha. Akanichagulia mkanda wa nailoni, wa namna ile ambayo jeshi la Uingereza liliiandikia vipimo mwaka 1973. Ni utepe unaopita kati ya saa na pini zote mbili, na nyuma ya saa. "Pini moja ikikatika," akasema, "nyingine inaishika."

Busara hiyo, ya mkanda unaobadilishika, tunaiacha ipotee. Saa nyingi za leo zinakuja na mkanda wa umbo lake pekee, usiopatikana kwa urahisi dukani wala usioweza kubadilishwa na mwingine. Ukipasuka, saa nzima inatupwa jalalani, moyo wake ungali unadunda. Huko ng'ambo wakusanyaji wa saa kuukuu wanafinyangiwa upya mikanda ya mtindo wa Tropic, nao wanailipia kwa furaha. Sisi tulikuwa nayo mikononi mwa baba zetu, tukaiacha ikakauka madirishani.

Niliviomba vile vipande viwili vya mkanda wa baba. Fundi akavifunga kwenye karatasi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Magharibi ilipokaribia niliivua saa nitawadhe. Nailoni imara, nyepesi, imenikaa vizuri. Nikautazama mkono wangu kabla ya kuumwagia maji. Ulikuwa laini. Ukili haupo.