"Yah:" Katika Barua Pepe

Tumchukue kijana wa Kimuli, wilayani Kyerwa, aliyejiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, na ambaye sasa hana budi kumwandikia mhadhiri wake barua pepe. Sekondari alifundishwa barua rasmi: anwani mbili, tarehe, kisha "Yah:", yaani kifupisho cha "yahusu". Katika barua pepe, anwani ya mwandishi na tarehe hujiandika zenyewe. Kilichobaki mikononi mwake ni anwani ya mhadhiri na ule mstari wa "Yah:", na aghalabu mstari huo ndio anaouacha wazi.

Kosa si lake peke yake. Mstari huo mara huitwa "mada", mara "kichwa", mara "somo". "Somo" ni tafsiri ya pupa. Kwa mwanafunzi, somo ni Historia au Hisabati. Basi huandika "Historia", na mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu asijue anaombwa nini. Kwa maoni yetu, neno "yahusu" lingetosha. Kiambishi chake chapatana na "barua", nalo humdai mwandishi akamilishe: yahusu nini? Yahusu kuomba kurudia jaribio la Jumatatu.

Juu ya salamu, "Shikamoo Mwalimu" haina ubaya. Ina adabu kuliko "Mambo", ambayo nayo (msomaji asishangae) huandikwa. Lakini "Wako mtiifu", masalio ya ofisi za kikoloni, lipumzishwe. Mahali pake paandikwe jina kamili, namba ya usajili na mwaka wa masomo.