Kutoka Taswira hadi Sauti: Mwanamke katika Matangazo ya Sigara ya Marekani

Uhakiki wa usawiri wa mwanamke, uwe wa riwaya, tamthilia au matini za kibiashara, umezoea kutanguliza swali moja: je, mwanamke amechorwa kwa taswira hasi au chanya? Swali hili lina manufaa yake, kwani limefichua taasubi nyingi za kiume. Hata hivyo, historia ya matangazo ya sigara nchini Marekani inadhihirisha kwamba taswira inaweza kuboreka hatua kwa hatua ilhali uhusiano wa mwanamke na anayemuuzia bidhaa unabaki ule ule. Makala haya yanayasoma matangazo hayo kama matini zenye wahusika na wasemaji, na kushikilia kwamba swali la nani anayesema lina uzito kuliko la jinsi mwanamke anavyoonekana.

Katika tangazo la Chesterfield la mwaka 1926, mwanamume anavuta sigara na mwanamke ameketi kando yake. Yeye havuti, anaomba tu apuliziwe moshi kidogo. Hapa mwanamke ni mhusika msaidizi, na starehe yake inapitia kinywani mwa mwanamume. Mhakiki wa taswira hapati taabu kulihukumu tangazo hili.

Taabu inaanza mwaka 1929. Wanawake wa Marekani walikuwa wamepata haki ya kikatiba ya kupiga kura mwaka 1920, lakini mwanamke aliyevuta sigara barabarani bado alionekana hana adabu. Edward Bernays, aliyeajiriwa na kampuni ya American Tobacco, wenye Lucky Strike, alipanga wanawake waandamane siku ya Pasaka katika Fifth Avenue, New York, wakivuta sigara zilizopewa jina la mienge ya uhuru. Wito wa kuwaalika ulitolewa kwa jina la Bertha Hunt, katibu wa Bernays mwenyewe, wala kampuni haikutajwa. Kwa istilahi za fasihi, msimulizi alikuwa mwanamke, naye mtunzi alikuwa amejificha nyuma yake. Mwanamke alikwisha kuwa mhusika mkuu, lakini maneno aliyoyasema hayakuwa yake.

Mbinu hiyo ilikomaa mwaka 1968, kampuni ya Philip Morris ilipozindua Virginia Slims, sigara iliyokusudiwa wanawake. Matangazo yake yalitumia usambamba: upande mmoja, picha za kale za wanawake waliovuta kwa siri wakaadhibiwa, upande wa pili, mwanamke wa kisasa, mwembamba na mwenye furaha. Historia ya ukandamizaji iligeuzwa kichekesho, na ukombozi ukawa ni kununua. Aidha, kaulimbiu iliyompongeza mwanamke kwa kutoka mbali ilimwita, katika sentensi hiyo hiyo, kwa neno la kubembelezea mtoto mchanga. Pongezi na dharau zilikaa pamoja.

Mwaka 1999 sigara hiyo hiyo ilipata kaulimbiu mpya iliyomhimiza mwanamke aitafute sauti yake. Safari hii wanawake wa asili mbalimbali waliwekwa mbele, na Kiswahili kikaingia. Chini ya kauli ya Kiingereza kwamba hakuna taasisi moja inayomiliki hakimiliki ya uzuri, tangazo lililomwonyesha mwanamke mweusi lilibeba sentensi "Kila mtu ana uzuri wake". Kwa kipimo cha taswira chanya, tangazo hili linastahili sifa: linakataa kigezo kimoja cha urembo na kumheshimu mwanamke wa asili ya Kiafrika.

Sentensi yenyewe, hata hivyo, ina mengi ya kufichua. Ina umbo la methali, kwa hiyo haina msemaji wala wakati. Inajitwalia mamlaka ya hekima ya jamii. Isitoshe, viambishi vya Kiswahili havitofautishi jinsia. "Mtu" na "wake" vinamhusu yeyote, hivyo mwanamke anayedaiwa kutafutiwa sauti hatajwi kabisa katika lugha aliyopewa kuisema. Wasomaji wengi wa magazeti ya Marekani hawakijui Kiswahili; lugha ilitumiwa kama vazi, itazamwe badala ya kueleweka. Na kauli kwamba uzuri hauna mmiliki ilitolewa na taasisi yenye alama yake ya biashara kwenye ukurasa huo huo. Kinaya hiki hakikukusudiwa, lakini ndicho kiini cha matini.

Mwaka 2000 kampuni iliiacha kaulimbiu hiyo baada ya lawama kwamba iliwakejeli wagonjwa wa saratani ya koo, baadhi yao wakiwa wamepoteza sauti zao halisi. Tayari tangu mwaka 1987 saratani ya mapafu ilikuwa imeipita ya matiti kwa kuua wanawake wa Marekani. Kadiri taswira ilivyozidi kumtukuza mwanamke, ndivyo bidhaa ilivyozidi kumdhuru.

Funzo kwa mhakiki ni bayana. Kuhesabu wahusika wa kike walio imara na walio dhaifu hakutoshi, iwe katika tangazo au katika riwaya. Mhusika anaweza kusimama wima, akasifiwa, akapewa hata methali ya kusema, na bado akawa kinywa cha mwingine. Hapana budi uhakiki uulize ni nani aliyemwandikia maneno hayo, na ni nani anayefaidika akiyasema.