Sifa kwa Msomaji wa Nota

War Requiem ya mtunzi Benjamin Britten humtia wasiwasi hata msikilizaji asiyejua muziki. Kwaya inawaombea marehemu pumziko la milele, lakini kengele zinazoisindikiza hazitulii. Mwalimu wa kwaya angezitaja kwa solfa kuwa do na fi, sauti mbili zisizopatana hata kidogo. Sisi wengine tunabaki na wasiwasi wetu. Mtaalamu wa muziki hutumia maisha yake kuonyesha jinsi wasiwasi huo ulivyojengwa, na kwa hilo namvulia kofia.

Huanza na historia. Kazi hii iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962, katika kanisa kuu jipya la Coventry, Uingereza, kando ya magofu ya lile lililoteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Britten, mpinga vita, alichanganya misa ya wafu ya Kilatini na mashairi ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa wiki moja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumalizika.

Kisha hugeukia nota, ukurasa baada ya ukurasa. Huko Aldeburgh, mji wa pwani alikoishi Britten, nyaraka zake zimehifadhiwa. Mtunzi huyu aliandika rasimu zake kwa penseli, na mtafiti huinama juu ya karatasi akitafuta kilichofutwa na kilichoachwa. Kazi ya mtafiti haina njia ya mkato.

Lakini tazama inachozaa. Mtafiti hutuonyesha kwamba mara tatu, mwishoni mwa sehemu ya kwanza, ya pili na ya sita, kwaya inabaki peke yake bila ala, inazichukua do na fi, inazisogeza taratibu mpaka inatua kwenye akodi tulivu ya fa. Njia ni ileile mara zote. Utulivu unakuja, ila unakuja dakika ya mwisho kabisa, na kila kengele zinaporudi tunajua kwamba ugomvi haukuwa umekwisha.

Baada ya kuonyeshwa hayo, wasiwasi wetu hauondoki, bali unapata sababu. Tunatambua kwamba Britten hakutaka kutuliwaza haraka, kwa kuwa amani inayotangazwa mapema huwasahau waliokufa. Taaluma inayotufikisha hapo inastahili umri wa mtu.