Alama ni ya mtu, mlima ni wa nani?

Wandugu, wengi mtajiuliza mtu wa kilimo anatafuta nini mu mambo ya viti vya magurudumu. Jibu langu ni moja: mteremko. Kule shamba tunaupima kila siku. Huku mjini tunampima mtu anayeshindwa kuupanda.

Kwa watu walioumia uti wa mgongo, wale walioacha kutembea juu ya risasi, ajali ya moto ao kuanguka ku mti, kuna jaribio linaloitwa Wheelchair Skills Test, kwa kifupi WST. Lilitengenezwa ku Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, na kundi la daktari R. Lee Kirby. Mtu anaonyesha ujuzi moja moja: kwenda mbele, kurudi nyuma, kuhama toka kiti kwenda kitanda, kupanda mteremko wa digrii 5 kisha 10, kupanda ukingo wa sentimita 15, kusimama ku magurudumu ya nyuma sekunde 30. Mwishoni anapata asilimia.

Nalisifu. Badala ya kuandika "anajitahidi kidogo", kinezi anajua kabisa cha kufundisha kesho. Linapatikana bure ku intaneti. Lina hata toleo la maswali, ambamo mtu anaulizwa kama anaweza, na pia kama anafanya kweli mu maisha yake.

Lakini tukilileta Bukavu, ile asilimia inaweza kutudanganya.

Kwanza, kiti. Kile kizito cha hospitali, cha kukunja, ekseli yake iko nyuma sana. Kuinua magurudumu ya mbele inakuwa vita. Aliyeumia shingo, vidole havishiki, ndiyo anateseka zaidi. Wenye WST wanasema wazi kwamba wanapima mtu pamoja na kiti chake, lakini sisi tunasoma paka jina la mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataja hatua 8 za kumpatia mtu kiti, na ndani yake kuna kupima, kurekebisha na kufundisha. Kugawa viti siku ya sherehe, picha, kisha kwaheri, ni hatua moja tu.

Pili, mlima. Digrii 10 maana yake kupanda karibu mita 18 kwa kila mita 100 za usawa. Ku jaribio ni rampi fupi, kavu, na mtu amesimama nyuma yako asikuache uanguke. Kutoka Ibanda kupanda Kadutu kuna mashimo, mitaro isiyofunikwa, pikipiki, na mvua ikinyesha udongo unateleza sawa sabuni. Mtu anaweza kupata alama nzuri na asifike soko ya Kadutu. Ni yeye aliyeshindwa?

Tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria bila vipimo haina meno.

Njo maana nawaambia nyinyi mnaotafuta mada ya TFC: chukueni kipimo cha A, kile cha kuchorea mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Pamoja na mwenye kiti, akikubali, pimeni njia toka kwake mpaka soko, shule, kanisa. Andikeni digrii, urefu, ukingo, matope. Karatasi hiyo ikae kando ya alama za WST. Hapo tutajua nini tumfundishe mtu, nini turekebishe ku kiti, na nini tudai ku meya.