Risala kwa Mgeni Rasmi: Sauti ya Umma au Ombi la Wanyonge?

Kada anayetaka kupima hali ya demokrasia katika kijiji hana haja ya kuanza na takwimu. Na asikilize risala inayosomwa siku kiongozi anapofika. Katika kurasa zile mbili au tatu ataona ni nani pale mwenye uwezo wa kuamua na ni nani aliyezoea kungoja. Ataona pia jinsi wananchi wanavyomfikiria kiongozi wao: je, ni mtumishi wanayemdai hesabu, au ni bwana wanayemwomba fadhila?

Makala haya yanakusudia kuihakiki risala hiyo kama tunavyohakiki tamthilia au utenzi, yaani kwa kutazama umbo lake, maneno yake, na uhusiano uliopo kati ya anayeisoma na anayesomewa. Sisi wakufunzi wa siasa tumezoea kuchambua hotuba za viongozi. Maneno ambayo umma unawaambia viongozi tumeyaacha bila kuyachambua, kana kwamba siasa hutoka jukwaani kwenda uwanjani tu, wala hairudi. Hilo ni kosa, nasi tunaanza kwa kulikiri.

Umbo la risala

Neno risala maana yake ya asili ni ujumbe. Mwenye kutuma ujumbe ana jambo lake, na ana haki ya kujibiwa. Lakini risala ya ziara ina umbo lake maalumu, na umbo hilo halibadiliki sana kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Kwanza huja salamu na shukrani, ambapo vyeo vyote vilivyopo jukwaani hutajwa kwa mpangilio. Pili huja mafanikio: madarasa, matundu ya vyoo, nyumba ya mganga. Tatu huja matatizo, ambayo siku hizi yamevishwa nguo mpya na kuitwa changamoto: maji, barabara, dawa, umeme. Nne huja maombi, na kwa kawaida yale ya changamoto hurudiwa hapa kwa unyenyekevu zaidi. Baada ya hapo risala hukabidhiwa, vigelegele hupigwa, mgeni husimama na kusema kwamba amesikia na atalifanyia kazi. Pengine hutoa mfukoni mwake mifuko kadhaa ya saruji. Msafara huondoka, vumbi hutulia, na karatasi ile haionekani tena.

Tutazame sasa vitenzi. Katika risala maendeleo huletwa: tumeletewa bomba, tumeletewa zahanati, tunaomba kuletewa barabara. Mwananchi ni mtendewa tangu mwanzo hadi mwisho. Mambo yanapokwenda kombo, vitenzi hubadilika: pampu iliharibika, mradi ulikwama, fedha hazikutosha. Hapo hayupo aliyeharibu, hayupo aliyekwamisha, wala hayupo aliyekabidhiwa fedha. Kwa hiyo mema yana mwenyewe, naye ni mgeni rasmi. Mabaya hayana mwenyewe. Risala iliyoandikwa kwa sarufi ya namna hii haiwezi kumwajibisha mtu yeyote, hata kama kila neno lililomo ni la kweli.

Mfano tulioushiriki

Tutoe mfano, na tuutoe bila kujificha, kwa maana sisi wenyewe tumo ndani yake. Tulifika na wanafunzi wetu kwa mafunzo ya vitendo katika kijiji kimoja cha nyanda kame za kati, siku chache kabla ya ziara ya kiongozi. Kijiji kilikuwa na kisima kirefu, lakini pampu yake ya dizeli ilikuwa imesimama kwa miezi saba. Kina mama waliamka alfajiri kwenda kuchota maji katika mashimo waliyoyachimba kwenye mchanga wa korongo.

Katika kikao cha kuandaa risala, mama mmoja wa makamo alisimama akasema: "Andikeni kwamba tulichanga fedha za pampu kila mwezi. Mwulizeni mgeni, na hawa viongozi wetu wawepo wasikie, fedha zile ziko wapi." Sentensi hiyo iliandikwa. Usiku ule risala ilipita mikononi mwa wakubwa wa pale, kisha ikaletwa kwetu sisi wasomi tuisafishe lugha. Tuliambiwa kwamba sentensi ile italeta aibu mbele ya mgeni. Tuliifuta. Mahali pake tuliandika kwamba kijiji kinakabiliwa na changamoto ya uchakavu wa pampu, na kwamba mgeni anaombwa kutusaidia.

Siku ya ziara boza lilifika saa nne, tangi likajazwa, na bomba likatoa maji mbele ya mgeni. Risala yetu ilisomwa vizuri. Mgeni aliahidi pampu mpya, na watu wakashangilia. Yule mama hatukumwona uwanjani. Alikuwa korongoni, kwa sababu maji ya uji wa watoto hayawezi kungoja saa nne.

Pampu ililetwa kweli. Tuliporudi mwaka uliofuata tuliikuta imesimama. Michango ilikuwa imeendelea kukusanywa na hesabu ilikuwa bado haijasomwa. Mgeni alijibu ombi tuliloliandika sisi, na swali la yule mama likabaki pale pale. Kwa kalamu yetu tuliligeuza dai kuwa ombi, na gharama yake hatukuilipa sisi.

Asili ya tabia hii

Tabia hii ina historia. Wakati wa ukoloni Bwana Shauri alipofanya safari, jumbe aliwakusanya watu chini ya mti. Kazi yao ilikuwa kusikiliza amri, na mwenye shida alipewa nafasi ya kuomba. Ziara ilikuwa chombo cha kuonyesha madaraka yalipo. Lakini hata wakati huo umma ulijua kutuma ujumbe wa namna nyingine. Wameru waliponyang'anywa ardhi yao mwaka 1951, walichanga fedha zao wenyewe na kumtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hawakurudishiwa ardhi kwa ujumbe huo. Hata hivyo ujumbe ulimtaja aliyewanyang'anya, ulitaja haki iliyovunjwa, na ulibebwa na mtu waliyemtuma wao. Hiyo nayo ilikuwa risala, na ilizidisha nguvu ya mapambano ya uhuru.

Baada ya uhuru tulirithi vyote viwili, yaani moyo wa Wameru na baraza la Bwana Shauri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiona tatizo mapema. Linaeleza jinsi Mbunge anavyosimama na kuuliza Serikali ina mpango gani kuhusu maji katika jimbo lake, na jinsi Serikali inavyojibu kwamba itaondoa tatizo hilo kwa fedha. Azimio halikuwa likimcheka Mbunge huyo. Lilikuwa likionyesha mazoea ya fikra ambayo ndani yake wote wawili, mwombaji na mwombwa, wamewasahau wananchi wenyewe. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliweka wazi kwamba kinachowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao ndicho maendeleo, na kwamba kiongozi hana ruhusa ya kuwa na majivuno wala dharau kwa anaowaongoza.

Je, vitendo vilifuata nadharia? Hapa hatuna budi kujikosoa kama Chama. Chama cha Maendeleo Ruvuma, ambacho wanavijiji wake wa Litowa na kwingineko walikuwa wakipanga na kuamua mambo yao wenyewe, kilivunjwa mwaka 1969 na uongozi wa TANU yenyewe. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi awe na maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Shabaha ilikuwa ya kijamaa na ya haki. Lakini mitambo mingi ilibuniwa, ikajengwa na kutunzwa na Serikali, na mwanakijiji akabaki mpokeaji. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973 na tena 1979, na vipuri vilipoadimika, pampu zilisimama na mwanakijiji hakuwa na la kufanya ila kumngoja fundi wa wilaya. Mwaka 1991 ulifika kabla ya shabaha kufikiwa. Sera za maji za 1991 na 2002 zilimtaka mwananchi achangie na amiliki. Yaani alitakiwa awe mwenye mali baada ya kufundishwa kwa miaka ishirini kuwa mgeni katika mali hiyo.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema: kama kuomba ni kosa, basi wananchi wachimbe visima wao wenyewe na Serikali ipumzike. Hii ni tafsiri potofu ya kujitegemea, na wanaoipenda zaidi ni warasimu. Kodi inayotozwa kwenye sabuni na mafuta ya taa ya yule mama ni yake. Anapodai maji haombi sadaka. Anadai sehemu ya jasho lake. Kujitegemea maana yake ni umma kushika hatamu za rasilimali zake, na fedha iliyoko Hazina ni mojawapo ya rasilimali hizo.

Wengine watasema kwamba ziara haina faida. Nao wamekosea. Kiongozi asiyefika kwa watu hutawala kwa mafaili. Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967, alionyesha kwamba njia yenyewe inaweza kuwa shule ya kiongozi. Tunachokosoa ni ziara iliyochukua nafasi ya vikao. Ibara ya 8 ya Katiba inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982 inaufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Mkutano huo unapaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Pale ambapo haukutani, matumaini yote ya watu hurundikwa katika siku moja ya mgeni rasmi. Basi ombi la unyenyekevu ni matunda ya mkutano usioitishwa.

Kazi ya kada

Kutokana na uchambuzi huu, kada aliyeko kijijini ana kazi nne za kufanya.

Kwanza, risala ipitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na sentensi iliyopitishwa na mkutano isifutwe na mtu yeyote usiku, awe mtendaji, kiongozi wa Chama, au mkufunzi mwenye kalamu nzuri.

Pili, risala ianze na kumbukumbu ya ziara iliyopita: nini kiliahidiwa, na nani, lini, na kimefikia wapi. Ahadi iliyosomwa hadharani mara mbili ni vigumu kuisahau.

Tatu, kila tatizo litajwe pamoja na mhusika wake na hesabu yake. Badala ya kusema pampu imeharibika, iandikwe kijiji kilichanga kiasi gani, nani alikabidhiwa, na nini kimenunuliwa. Na kijiji nacho kitaje upungufu wake, kwa maana anayekosoa bila kujikosoa hasikilizwi.

Nne, kiongozi ajibu kwa mafungu: lipi limo katika bajeti, lipi halimo na kwa nini, na lipi ni kazi ya kijiji chenyewe. Kusema "hili haliwezekani mwaka huu" ni heshima kubwa zaidi kwa wananchi kuliko mifuko ya saruji ya mfukoni. Saruji ile humfanya kiongozi kuwa tajiri mwema, na ujamaa haujengwi na matajiri wema.

Ndugu wanachuo, wengi wenu mtapangiwa kazi mahali ambapo mtaombwa kuandika risala. Mtaombwa kwa sababu mnajua Kiswahili kizuri. Siku hiyo ulizeni kwanza: mkutano umekaa? Nani amesema nini? Kisha andikeni alichosema, kwa vitenzi vyake yeye. Sentensi ya yule mama wa korongoni haikuwa na kosa lolote la lugha. Kosa lilikuwa letu.